Nilimtibu Mama Furaha Jikoni mwa Kanisa, Sasa Sina wa Kunikinga

Mimi ndiye mwenye kosa. Nalisema mapema kabla hamjaanza kunitafutia visingizio, maana wanaonipenda wamenitafutia vingi na hakuna hata kimoja kilichonipa usingizi.

Naandika haya nikiwa nyumbani kwangu hapa Birmingham, Uingereza, mchana kweupe, na pazia nimelishusha. Simu ikilia, naigeuza uso chini. Mlango wa gari ukifungwa huko nje, nasimama nyuma ya pazia nichungulie, nikidhani wamenijia. Wamenijia kina nani? Sijui! Naogopa tu.

Mimi ni Mkenya, na ni nesi. Kazi yangu, au niseme iliyokuwa kazi yangu, ni katika kliniki ya madaktari wa familia, ma-GP kama wanavyoitwa huku, kule Saltley. Natoa damu, nachanja watoto, napima presha, nafunga vidonda. Ni kazi nzuri, sisemi vibaya. Lakini nyumbani Kenya nilikuwa na wodi nzima chini yangu, na daktari kijana akitaka kuandika dawa alinitazama mimi usoni kwanza. Hapa kila nikigusa jambo zito naambiwa mpeleke kwa fulani, muulize fulani, usiamue peke yako. Iliniuma. Sikumwambia mtu, lakini iliniuma.

Sasa Jumapili! Jumapili nilikuwa mtu mwingine kabisa. Kanisa letu la Kiswahili limekodi ukumbi kule Aston, Wakenya na Wakongomani pamoja, na ibada ikiisha akina mama huingia jikoni kupasha chakula. Mimi nilikuwa na kona yangu humo jikoni, karibu na sinki, na nilikuwa na foleni yangu. Huyu mtoto wake anakohoa, yule dawa za presha zinamtia kizunguzungu, mwingine mgongo. Wakenya waliniita sista. Wakongomani waliniita docteur. Nami nilikuwa nakataa kwa mdomo, "Jamani, mimi si daktari," huku moyoni nachekelea.

Muda mfupi kabla ya haya yote, meneja wa kliniki yetu alituita kikao cha mchana. Anaitwa Nasreen, mzaliwa wa huku huku, mwanamke wa maneno machache. Alituletea sambusa kutoka maduka ya Sparkhill ili tusitoroke. Akatueleza kwamba kuna kinga ya serikali kwa madaktari wa familia na wafanyakazi wao wote. Mgonjwa akidhurika kwa uzembe wetu tukiwa katika kazi ya kliniki, awe amekosea daktari, nesi au hata binti wa mapokezi, serikali ndiyo itakayoibeba kesi na kulipa fidia. Halafu akaanza kueleza mipaka ya kinga hiyo, kilichomo na kisichokuwemo.

Na mimi hapo kwenye mipaka nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natafuta sambusa ya nyama katikati ya zile za viazi! Nilitoka kwenye kile kikao na neno moja tu kichwani, kwamba serikali iko nyuma yangu. Siku hiyo nilienda nyumbani kifua mbele.

Basi Jumapili moja akaja Mama Furaha.

Mama Furaha ni mama wa makamo kutoka Uvira, Kongo. Alifika nchi hii kama mkimbizi, na binti yake Neema akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Neema sasa ni msichana mkubwa, yuko chuo. Mama ana ugonjwa wa sukari, na ni mgonjwa wa kliniki yetu ile ile ya Saltley. Hapo ndipo ninapozidi kujichukia.

Alivua kiatu pale kwenye kona yangu, akaweka mguu juu ya kiti cha plastiki. "Docteur, angalia huu muguu," akasema. "Kiatu ya kanisa imenichuna kidogo. Lakini haiumi, wala! Haiumi ata kidogo."

Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati. Nilikibonyeza pembeni, Mama akawa anaongea na jirani yake habari za mchele kana kwamba nabonyeza mguu wa meza.

Wasomaji wangu, nesi yeyote atawaambia. Mtu wa sukari akiwa na kidonda mguuni na hakisikii, hapo hakuna mchezo. Pale kliniki sikai nacho hata kidogo, napiga simu kwa wataalamu wa miguu siku hiyo hiyo. Nililijua hilo! Msije mkasema sikujua.

Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi njoo kliniki."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hapana, binti yangu. Ku kliniki watanituma ku hospitali, na ku hospitali banakata. Dada yangu kule ku kambi walimukata muguu, akakufa. Unifunge weye. Mi nakuamini weye tu."

Hapo ndipo ningemwambia, Mama, naelewa woga wako, lakini mimi mwenyewe nitakushika mkono mpaka kwa wataalamu. Lakini akina mama walikuwa wanatutazama, masufuria yamenyamaza. Na mimi nikajiona ndiye.

"Usiogope, Mama," nikasema. "Nitakufunga mwenyewe."

Neema alikuwa ameegemea mlango, simu mkononi. "Mum, just ring the GP!" akasema. Yeye na Kiswahili ni hivyo. Anasikia, lakini jibu lake ni Kiingereza siku zote.

"Na hao ma-GP si ndio mimi?" nikamjibu, na jikoni kote wakacheka. "Mimi nafanya kazi huko huko. Nina kinga ya serikali!"

Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele za watu. Nikikumbuka sasa natamani ardhi ipasuke.

Bandeji nilizitoa kabatini kliniki. Nilizitia kwenye mkoba wangu kila wiki bila kumwomba mtu, na kila baada ya ibada nilimsafisha Mama na kumfunga. Sikuandika popote, sikumwambia daktari yeyote. Mama aliniombea baraka kwa sauti, na mimi niliitikia amina.

Kidonda hakikupungua. Kikatanuka. Nikajiambia ni taa ya jikoni, haioneshi vizuri. Kikapata ukingo mweusi. Nikajiambia ni damu iliyokauka. Halafu ikaja ile harufu. Jamani, ile harufu kila nesi anaijua, hata akiwa amefumba macho! Mama mmoja alifungua dirisha akidhani ni samaki.

Neema alinifuata nikinawa mikono. "Auntie, that smell. Is that normal?"

"Ni kawaida," nikamwambia. "Kidonda kinatoa uchafu kabla ya kupona."

Kawaida! Nilimwambia mtoto wa mtu kawaida! Na wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nabana pumzi nisiivute. Mbona sikumpeleka hata hapo? Kwa sababu wangeuliza nani amekuwa akimfunga. Nilianza kuogopa kwa ajili ya nafsi yangu kabla ya kuogopa kwa ajili yake, na hilo ndilo kosa ninaloungama hasa.

Simu ilikuja nikiwa kazini, nimeshika sindano ya kumchanja mtoto mchanga. Ilikuwa Neema, analia, na nyuma yake nasikia king'ora. "Auntie, she's burning up! She's not making sense, she doesn't know who I am!"

Niliiweka sindano kwenye trei. Nilimwomba nesi mwenzangu amalize chanjo, nikaingia chooni nikafunga mlango. Nikasali. Na mjue nilisali nini. Kwanza nilisali asife. Halafu, kabla hata sijasema amina, nikasali asinitaje.

Hakufa. Sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu, na ili wamwokoe walimkata mguu chini ya goti. Kile alichokikimbia ndicho kilichomkuta, na mimi ndiye niliyempeleka huko kwa mikono yangu, kila Jumapili, huku nikiombewa baraka.

Nilipoenda kumwona, madaktari walikuwa wameshamuuliza nani alikuwa akimfunga zile bandeji. Mama aliwajibu amejifunga mwenyewe. Akanieleza hivyo kwa sauti ya chini, amelala pale, blanketi limelala bapa upande mmoja, kisha akanikonyeza. Mungu wangu, alinikonyeza! Kama watoto wawili walioiba sukari.

Kliniki nako habari zikafika. Nasreen akatukusanya tena, safari hii bila sambusa. Akasema mgonjwa wetu amepoteza mguu, na lazima tujiulize kama kuna kitu sisi tulikipuuza. "Kama kosa ni letu, tutalisema," akasema. "Msiogope kusema. Kinga ipo kwa ajili hiyo hiyo. Mama atapata fidia yake, na hakuna kati yenu atakayeuza nyumba."

Alisema msiogope. Mimi nilikuwa naogopa mpaka nasikia baridi ndani ya mifupa. Kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi ile. Mwanangu anasoma hapa, anaongea kama watoto wa Saltley, hata nyumbani anapakumbuka kwa picha tu. Nikapiga hesabu zangu za woga. Nikaona mlango.

Kama zile bandeji zingekuwa zimefungwa kliniki, kinga ingenifunika! Ningesema nilikuwa nikimwona Mama kwa haraka haraka katikati ya wagonjwa wengine, nikasahau kuandika kwenye kompyuta. Ni uzembe, ndiyo, lakini ni uzembe wa kazini. Serikali ingelipa. Na Mama naye angepata fidia. Nikajiambia, kumbe hata namtafutia haki yake! Uongo mtupu. Nilikuwa natafuta pa kujificha, nikamvuta na yeye awe pazia.

Nikaenda hospitali. Mama alikuwa ameketi kitandani. Nikavuta kiti, nikainama karibu na sikio lake.

"Mama," nikamwambia, "wakija watu wa kliniki kukuuliza, usiseme kanisa. Sema nilikuwa nakufunga pale pale kliniki, Saltley."

Akajivuta juu kwenye mto. "Lakini haikuwa ku kliniki."

"Najua, Mama. Lakini ikiwa ni kliniki, serikali inatulinda. Na wewe utalipwa. Itatusaidia sote."

"Weye itakusaidia?"

"Itanisaidia, Mama. La sivyo nimekwisha."

"Basi nitasema vile unataka, binti yangu," akasema, akanipapasa shavu. "Weye ulinihurumia."

Nilisikia kitu kinawekwa mezani nyuma yangu. Nikageuka. Neema alikuwa amesimama na vikombe viwili vya chai, kimoja bado mkononi.

Jamani, Neema nimemjua miaka yote hii, na sijawahi kumsikia akitamka sentensi nzima ya Kiswahili. Ukimwuliza habari, anakwambia I'm good. Nilikuwa nimezoea kuongea mbele yake kama mtu anavyoongea mbele ya kichanga. Nilisahau kabisa kwamba anasikia kila neno.

Akaniangalia, akakiweka mezani na kile cha pili. Akaongea kwa lugha ya mama yake, polepole, kama mtu anayetembea gizani.

"Tantine," akasema, si Auntie tena, "walishamukata muguu. Sasa unataka na kinywa yake?"

Mama Furaha, ambaye hakuwa amelia hata alipoamka akakuta mguu haupo, akaanza kulia. Nikaondoka nikiwa nimeinamisha kichwa, nikapotea njia kwenye korido ambazo nazijua vizuri.

Asubuhi yake nilijikaza kisabuni nikabisha mlango wa Nasreen. Nikamweleza yote. Jikoni, bandeji za kabatini, ile harufu, na vile nilivyomfundisha mgonjwa kitandani aseme uongo. Nilidhani atanipigia kelele. Afadhali angenipigia! Aliketi tu, akaweka kalamu chini.

"Ile kinga ni ya kazi ya kliniki," akasema hatimaye. "Ungekosea hapa ndani, au nyumbani kwa mgonjwa tulikokutuma sisi, ingesimama nawe. Jikoni kwenye kanisa lenu hatukukutuma. Mawakili wataangalia, lakini sitaki nikupe matumaini ambayo sina." Akaniuliza kama nina bima yangu mwenyewe, ya kunitetea hata mbele ya baraza la wauguzi, maana huko ile ya serikali haifiki hata ukikosea kazini. Sina! Ningekata bima ya nini, nami nilijua serikali iko nyuma yangu?

"Na Mama?" nikauliza.

Nasreen akageuza uso dirishani. "Hapo ndipo panaponiuma," akasema. "Kama ingekuwa ni kosa letu, angekuwa na mahali pa kudai. Sasa atamdai nani? Wewe?"

Nilimtazama, nikatazama mikono yangu. Maana nilikuwa nimeogopa mambo mengi, kazi, kibali, aibu, lakini hili sikuwa nimeliwaza. Ule ukweli niliousema umemfungia Mama Furaha mlango wa fidia. Na kama ningeshikilia uongo, ungemfungulia! Mnaona nilipojifikisha? Nimemkosea kwa namna ambayo hata kutubu kwangu kunamuumiza.

Nimesimamishwa kazi. Nangoja kuitwa na baraza. Nangoja kujua kama nitaruhusiwa kubaki. Kila siku nangoja, na kila siku naamka na moyo juu.

Kanisani nako wamegawanyika. Wapo wasionisalimu. Na wapo wanaonilaumu kwa kusema ukweli, hao ndio wanaonitisha zaidi. Dada mmoja Mkenya alinivuta kando ya maegesho akaniambia, "Aki wewe nawe! Si ungenyamaza tu? Pesa si ni za serikali?" Na mtaniamini nikiwaambia kwamba siku hiyo hiyo, mama mwingine alinijia na mtoto mwenye vipele shingoni, akaniuliza apake nini? Nilimkimbia! Nilimwacha amesimama na mtoto wake, nikakimbilia kwenye gari.

Sasa nyinyi manesi wenzangu, nyinyi mnaotunza wazee, nyinyi mnaouza dawa, nyinyi mnaoitwa daktari kwenye harusi na kwenye matanga, nawaomba kwa machozi. Watu wetu watawaletea miguu yao. Watawaambia wanawaamini nyinyi tu, na itakuwa tamu masikioni. Msimvunje mtu moyo, lakini msitoe bandeji. Mshikeni mkono, mpigieni simu kliniki mkiwa mmesimama naye hapo hapo, mwende naye, mkae naye kwenye foleni. Muulizeni meneja wenu kinga yenu inaishia wapi, na msile kitu wakati anajibu. Na mkiwa mmeshakosea, semeni siku ile ile, kidonda kikiwa bado ni kifungo cha shati.

Nanyi mnaotuletea miguu jikoni, tafadhali, msitupe sifa hizo. Wengine hatuziwezi.

Mama Furaha yuko nyumbani sasa. Naenda kumwona, Neema ananifungulia mlango bila neno, naketi. Nesi mwingine ndiye anayetumwa kuja kumbadilisha bandeji, na mimi sigusi kitu.

Juzi nesi huyo alichelewa. Mama akaona tunakaa bure. Akavuta sketi juu kidogo, akauinua ule mguu uliokatwa kuelekea kwangu, kama alivyouweka kwenye kile kiti cha plastiki.

"Docteur," akasema, "niangalilie. Inapona?"

Nilikalia mikono yangu. Kweli, niliitia chini ya mapaja nikaikalia! "Sijui, Mama," nikamwambia. "Tumngoje nesi."

Akacheka. "Ona huyu! Docteur yangu anaogopa muguu yangu."

Lakini hakuushusha. Akabaki ameuinua vile vile, ananingoja.